Kuipima Bhutan kutoka Guildford

Jumatano, 14 Julai 2021

Siku ya kumi na tisa ya kufungiwa kwa sababu ya korona. Naianza shajara hii kwa kutii ushauri. Msimamizi wa tasnifu yangu anaona kwamba mtafiti aliyezuiwa kwenda uwandani afadhali aandike kinachoonekana dirishani kuliko kutoandika kitu. Dirisha langu, katika ghorofa ya kwanza ya jengo la matofali mekundu hapa Guildford, magharibi mwa Sydney, linaonyesha kamba za kuanikia nguo, mapipa sita ya taka na uzio.

Tasnifu inaihusu Bhutan, ufalme mdogo wa milimani ambao katiba yake inaamuru asilimia sitini ya nchi ibaki msitu daima, na ambao huipima furaha ya raia wake kwa dodoso rasmi, ili barabara, mabwawa na viwanda vihukumiwe kwa kipimo hicho pia. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Nimezaliwa katika kisiwa ambacho kila mgeni mwenye ramani hukikadiria thamani. Nilitaka kujua iwapo nchi ndogo inaweza kupata riziki bila kuuza ardhi inayoikanyaga. Sura tano ziko tayari. Ya sita, inayopaswa kusema kama mpango huo umefaulu au la, ilikuwa iandikwe Thimphu, mji mkuu wao. Mipaka imefungwa, yao na yetu. Tarehe ya kuwasilisha ni 29 Oktoba na haitasogezwa tena.

Jumamosi, 17 Julai

Mvua. Nimeandika maneno mia tatu, nimefuta mia mbili na tisini.

Jumanne, 20 Julai

Idi. Nimeswali sebuleni peke yangu. Jirani yangu wa chini, Dada Wilkister, muuguzi kutoka Homa Bay, ameniachia mlangoni sahani ya pilau iliyofunikwa foili, pamoja na kikaratasi: nyama imetoka kwa mchinjaji wa halali wa Merrylands, na risiti anayo endapo Prof atataka kuithibitisha. Sijawa profesa. Yeye anajua hivyo, na ndiyo sababu ananiita hivyo.

Jumatatu, 26 Julai

Wilkister amepata mwenzake wa kupanga naye. Nilikuwa naanika shuka alipotokea na mwanamke mfupi, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa sare ya nyumba ya kutunzia wazee ambamo wote wawili wanafanya kazi.

“Prof, nimekuletea Bhutan yako,” alisema. “Sasa wachana na mambo ya visa.”

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa. Anaitwa Sonam Choden. Alikuwa ofisa misitu katika utumishi wa serikali ya Bhutan kwa miaka tisa, kisha akaomba likizo isiyo na malipo, akaja kusoma Sydney, na sasa anaosha wazee kwa zamu za saa kumi. Ikifika tarehe 15 Oktoba lazima aijulishe idara yake kwa barua kama anarudi kazini au anaacha. Asipoandika, nafasi yake inafutwa.

Nilimwuliza kama ameshaamua. Akasema bado. Nilipanda juu nikaandika jina lake katika daftari la vyanzo, kisha nikalikata, kwa kuwa sijamwomba idhini.

Jumatatu, 2 Agosti

Leo wanajeshi wameanza kutembea na polisi katika mitaa yetu ya magharibi. Ufukweni mashariki, kwa mujibu wa picha za magazeti, watu wanaota jua.

Sheria inaruhusu mazoezi ya watu wawili nje, kwa hiyo nimetembea na Sonam kando ya mfereji wa zamani uliokuwa ukileta maji mjini, ambao siku hizi umejazwa zege ukawa njia ya baiskeli. Pande zote mbili umebaki ukanda mwembamba wa msitu wa asili. Mimi nimeipita njia hii miaka minne nikiiona kuwa ni njia. Yeye alisimama kila baada ya hatua thelathini.

“Hapa pana miti mikubwa na miche midogo,” alisema. “Ya katikati haipo. Mtu alikuwa akifyeka kila mwaka, kisha siku moja akaacha. Alifanya vizuri.”

Migunga ya huku imeanza kuchanua manjano. Alitaka kujua jina lake la kienyeji. Sikulijua. Ananiita Lopen, yaani mwalimu, na nadhani wakati huo alikuwa akilitafakari upya jina hilo.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimepata njia ya kuiokoa sura ya sita. Kwa kuwa siwezi kulipeleka dodoso Bhutan kulijaribu, nitalijaribu hapa. Nimelitafsiri kwa Kiswahili, na nitawapigia simu watu kumi na wawili wanaokisema: Wakenya, Watanzania, Wakongo wawili na Mrundi mmoja, wote wakaazi wa Blacktown, Merrylands na Guildford, mitaa iliyobanwa kuliko yote. Ikiwa kipimo kitaonyesha dhiki pale ambapo dhiki ipo, nitakuwa na haki ya kuziamini takwimu za Thimphu, zinazosema kwamba watu wengi wa huko wameridhika. Msimamizi ameafiki, na kamati ya maadili imejibu kwa siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alhamisi, 19 Agosti

Matokeo yamekamilika. Wastani wa kuridhika na maisha ni nane nukta sita kwa kumi. Hakuna aliyejipa chini ya saba. Gitonga, dereva wa magari ya mizigo anayeishi Merrylands, alijipa tisa. Nilimpigia Jumatano asubuhi; sauti yake ilikuwa tulivu, na alijibu maswali yote bila kuniomba nirudie.

Nimeandika kurasa kumi na moja bila kusimama. Hoja yake ni kwamba kuridhika hakutegemei hali ya nje kwa kiasi tunachodhani, na kwamba nchi inayoitunza misitu yake na utulivu wa watu wake inaweza kuwabakisha nyumbani hata pato lake likiwa dogo. Ni hoja nzuri. Nimelala mapema.

Jumatatu, 23 Agosti

Kuanzia leo hakuna kutoka nje baina ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Helikopta moja, dakika arobaini.

Jumatano, 25 Agosti

Nimefanya kosa, na inafaa nilieleze kwa utaratibu uleule nilioutumia kulifanya.

Wilkister alinikuta kambani mchana. Alikuwa ametoka kupimwa. Wafanyakazi wa mitaa yetu hupimwa kila siku ya tatu, na pua yake ilikuwa nyekundu. Aliuliza utafiti umefikia wapi. Nilimwambia wastani.

“Nane?” alisema. “Hawa watu wa hapa?”

“Nane nukta sita.”

“Gitonga alikupa ngapi?”

Nilimjibu kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri.

“Siri gani, na ameniambia mwenyewe. Alikupa tisa.” Alitundika soksi moja, akaitafuta ya pili. “Prof, wewe ulimpigia Jumatano asubuhi. Jumanne jioni sisi sote tulikuwa kwa Zoom tukimzika mama yake kule Meru. Alikuwa ameketi kwa kiti cha jikoni na suti yake, peke yake, simu ameiegemeza kwa chupa ya maji.”

Nikasema lile ambalo mtu hulisema: “Hakuniambia.”

“Ulimwuliza?”

“Nilimwuliza kama ameridhika na maisha yake.”

“Ulimwuliza baada ya nini?”

“Baada ya kumsalimia.”

“Basi hukumwuliza. Ulimsalimia mara mbili. Mtu akikusalimia unasema mzuri, halafu unangoja aulize tena. Gitonga alingoja. Wewe ukaenda swali la pili.” Akaipata soksi. “Na si eti wewe ni mzungu. Huko kwenu ndiko mnasalimiana mpaka chai inapoa.”

Hivyo ndivyo ilivyo. Nimelelewa katika adabu hii, naweza kuifundisha. Neno jema hutangulia, hata nyumba ikiwa inaungua, kwa sababu si heshima kumtwisha mtu mzigo wako kabla hajakaa. Jibu lenyewe huja katika zamu ya pili au ya tatu, na huja tu iwapo mwulizaji amebaki pale pale. Marehemu baba yangu, siku mbili kabla ya kufariki, alimwambia daktari kwamba hajambo, na aliudhika sana daktari alipofunga faili. Nilikuwapo. Nilikiona kisa kile kuwa ni kisa cha daktari.

Dodoso langu lilianza na swali kuu mara tu baada ya salamu, kama lilivyopangwa. Nimekusanya salamu kumi na mbili na kuzitafutia wastani.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimewapigia wote upya. Safari hii nimeuliza, nikapokea neno jema, nikanyamaza. Ni vigumu kuliko inavyosikika. Kwa Gitonga nilihesabu sekunde thelathini na nane. Kisha akaanza kueleza jinsi jirani zake wa Meru walivyomshusha mama yake kaburini, na jinsi mtandao ulivyokatika wakati wa udongo. Mwisho nilimwuliza idadi, kwa kuwa fomu inaidai.

“Andika sita,” alisema. “Sita ni nyingi, mwalimu. Wilkister ananipikia.”

Wastani mpya ni tano nukta tisa. Mazungumzo yamechukua saa kumi na nne badala ya nne. Sijachoka.

Jumapili, 5 Septemba

Leo nimelifanyia jaribio hilo pale nilipopaswa kuanzia. Tulipofika kwenye mfereji nilimwuliza Sonam kama yu mzima. Alisema, “Mzuri,” kwa Kiswahili alichofundishwa na Wilkister. Nikanyamaza. Tulipita miti kama arobaini.

“Huko kwetu nimewahi kulala katika nyumba za wakulima,” alisema hatimaye, kwa Kiingereza. “Kazi yangu ilikuwa kuhesabu miti na mitego. Ukimwuliza mkulima kama ana furaha, atasema anayo, na hasemi uongo. Anakupa chai. Akikupa chai ya pili, anakwambia kwamba nguruwe mwitu wamemaliza mahindi. Akikupa ya tatu, anakuonyesha kibanda shambani anamokesha miezi mitatu akipiga debe, kwa sababu nguruwe anatoka katika msitu wangu na sheria yangu inamlinda. Wanawe wameondoka. Kijiji kina nyumba ishirini, tano zimefungwa. Msitu unaongezeka, Lopen. Unaingia mpaka ndani ya mashamba yaliyoachwa. Katika ripoti yangu, huo ulikuwa ushindi.”

Nilimwuliza ilikuwaje akaondoka.

Alinieleza kwamba mwaka wake wa saba walimpandisha cheo wakamweka ofisini. Ombi la kwanza lililofika mezani kwake lilikuwa la njia ya nyaya za umeme kutoka bwawa jipya. Njia ile ilipita katikati ya msitu aliokuwa ameulinda kwa miguu yake. Kila hati ilikuwa sahihi. Umeme ule ndio unaolipia shule na hospitali. Bila huo nchi ingelazimika kuuza mbao. Alihesabu miti itakayokatwa, akakuta bado wako juu sana ya asilimia sitini. Akatia sahihi.

“Ningetia tena,” alisema. “Hilo ndilo linalonisumbua. Sikukosea. Nilirudi nyumbani nikajaza fomu za chuo cha Sydney.”

“Kwa sababu ya ile njia?”

“Sijui. Marafiki zangu wote walikuwa wakijaza. Pengine kwa sababu hiyo. Sasa wananiandikia kila wiki: Sonam, Australia kukoje? Nawajibu, kuzuri.” Alicheka kidogo. “Nao hawangoji.”

Nimerudi nikazisoma zile kurasa kumi na moja za Agosti. Hakuna sentensi iliyo ya uongo. Zote zimeishia kwenye chai ya kwanza.

Jumatano, 15 Septemba

Marufuku ya usiku imeondolewa. Wilkister alitoka saa tatu na nusu, akazunguka jengo mara moja, akarudi.

Jumapili, 3 Oktoba

Zimebaki siku kumi na mbili kwa Sonam, ishirini na sita kwangu. Ninaandika vizuri kila siku. Sura inasema sasa kwamba mizani ile ya msitu na riziki ipo kweli, na kwamba wanaoishikilia ni watu wanaokesha katika vibanda. Lakini inadai hitimisho.

Leo mchana tulikuwa watatu uani, tumekaa mbalimbali juu ya ndoo zilizopinduliwa. Sonam aliniuliza ningefanya nini katika nafasi yake. Nilimweleza, kwa mpangilio, kwamba utaalamu wake ni adimu huko na ni wa ziada hapa. Kwamba nchi ndogo haina watu wa akiba. Kwamba asiporudi mtu aliyewahi kulala katika nyumba zile, barua za ofisini zitaandikwa na wasiojua. Nilisema vizuri. Sonam alikuwa akiutazama uzio.

“Umemaliza?” aliuliza Wilkister.

“Nimemaliza.”

“Sasa mimi niulize. Akirudi, hiyo chapter yako itaisha vipi?”

Nilisema itaisha kwa uwezekano kwamba wataalamu hurejea.

“Na akikaa?”

“Itakuwa ngumu zaidi kuihitimisha.”

“Unaona?” alimgeukia Sonam. “Huyu anataka upande ndege ndio aweke full stop.” Kisha kwangu, bila ukali: “Na wewe mbona huko Pemba hurudi? Mikarafuu haina haja na daktari?”

Swali lilikuwa halali. Nina miaka minne hapa na sijawahi kujiuliza, kwa kuwa hakuna aliyenipa tarehe ya mwisho.

Jioni nilishuka, nikasimama kwenye ngazi, nikamwambia Sonam kwamba ushauri wangu ulikuwa na maslahi ndani yake na kwamba anaruhusiwa kuutupa.

“Nilijua,” alisema. “Ila ulikuwa umepangwa vizuri.”

Jumatatu, 11 Oktoba

Maduka yamefunguliwa kwa waliochanjwa. Nimepanga foleni saa moja na dakika ishirini kwa kinyozi wa Merrylands Road. Watu walikuwa wakitaniana mlangoni kuhusu nywele zao, Waarabu, Waafghani na sisi. Nilikuwa na furaha. Nalirekodi hilo bila kulichambua.

Ijumaa, 15 Oktoba

Sonam alibisha saa nne asubuhi, mara ya kwanza kuingia kwangu. Alitaka nimsomee barua kabla hajaituma, kama kuna kosa la lugha. Nilikaa mezani naye akasimama.

Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema anarudi. Ya pili iliomba asirudishwe ofisini. Aliomba kituo cha uwandani, wilaya ya mashariki, ngazi mbili chini ya cheo chake, katika eneo ambalo idara inajaribu uzio wa umeme wa jua kuzuia nguruwe wasiingie mashambani. Alieleza kwamba amewahi kutia sahihi juu ya mstari mmoja wa nyaya na angependa kuujua mwingine kwa karibu.

Sikukuta kosa.

“Dada Wilkister amekasirika,” alisema. “Anasema ngazi mbili chini ni ujinga, ningeomba moja.”

“Na wewe unaonaje?”

“Mzuri,” alisema, na mimi nikangoja. Safari hii hapakuwa na kitu nyuma yake. Alikuwa akitafuta kitufe cha kutuma.

Alipokwisha kukibonyeza, aliniuliza: “Utaniandika katika sura ya sita?”

Nilikuwa nimelifikiria hilo kabla hajabisha, na tangu Julai nilikuwa nikilitamani. Mtaalamu aliyerejea: mfano ulio hai, aya ya mwisho iliyojiandika yenyewe. Nikamwambia hapana. Mtu mmoja si ushahidi wa kitu. Kwa kila aliyerudi kuna mamia wanaojaza fomu, na kumweka yeye mwishoni kungekuwa ni kulilaza swali ambalo lazima libaki macho.

Alifikiri. “Basi nitakwenda bila kuthibitisha chochote,” alisema. Alionekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo wa begi.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nimewasilisha saa nane na dakika sita mchana. Aya ya mwisho inasema kwamba Bhutan haijafaulu wala haijashindwa. Kwamba kila kizazi cha huko hulazimika kuuamua upya uzito wa msitu, umeme na mahindi, na kwamba kipimo cha furaha kina manufaa kadiri mpimaji alivyo tayari kukaa. Msimamizi atasema ni dhaifu. Ni sahihi.

Wilkister alipika ugali na samaki. Gitonga alikuja, mgeni wa kwanza kuingia katika jengo hili tangu Juni. Amenenepa kidogo. Alinisalimia, nikamjibu, akaningoja.

Nikamwambia kwamba nimeomba nafasi ya kufundisha Chake Chake, na kwamba sijui kama nitapewa wala kama nitaifurahia nikipewa.

“Hiyo sasa ni namba ngapi?” aliuliza.

“Saba,” nilisema, baada ya kufikiri.

Jumamosi, 20 Novemba

Tumemsindikiza Sonam uwanja wa ndege. Kilo ishirini na nane; tano ni mbegu za maboga, alizokatazwa, na akaziacha kwa Wilkister mbele ya mashine ya mizigo.

Jumanne, 30 Novemba

Amepiga simu kutoka hoteli ya karantini, Thimphu. Ni siku yake ya tisa kati ya ishirini na moja. Kituo cha mashariki amepewa.

Alisema kwamba uwanja wa ndege walimpa fomu yenye swali la sababu ya kurejea, na visanduku vinne: kazi, familia, masomo kukamilika, nyingineyo. Aliishika kalamu mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa, kisha akairudisha fomu bila kuweka alama.

Nilimweleza kwamba kitakwimu jibu tupu huingizwa kama taarifa iliyokosekana.

“Basi wamenikosa,” alisema, naye akacheka. Nyuma yake mbwa walikuwa wakibweka, wengi, bonde zima. Alisema huo ndio usiku wa Thimphu na kwamba amelala kama mtoto.

Kisha alisikika mtu akigonga, na yeye akasema wameweka chakula mlangoni. Swali la furaha sikumwuliza. Nilimwuliza wamempikia nini. Ni pilipili na jibini, alisema, na kwa dakika kumi na moja akanieleza jinsi walivyokosea.